Deni la Mahudhurio

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Nchi nzima, waishio mijini walitoka asilimia 29.6 wakafika 34.9. Ndiyo maana mjadala wetu wa mji na kijiji huelekea upande mmoja tu: vijana wanakimbia jembe, mji umefurika, nini kifanyike. Wanaoelekea upande wa pili, makochi na jokofu vimefungwa kamba juu ya fuso, hawazungumzwi sana.

Ni watu wa namna nyingi. Yupo mstaafu wa miaka 60 aliyekuwa akijenga kwao kidogokidogo tangu akiwa na 40. Yupo mwalimu wa ajira mpya, mzaliwa wa Temeke, aliyepangiwa shule ya kata huko Rukwa. Yupo aliyeuza kiwanja Kimara akanunua eka ishirini Handeni. Yupo mjane ambaye kodi ya nyumba imemshinda, na yupo kijana ambaye mji umemkataa lakini hataki kulisema hilo kwa sauti. Sababu zao hazifanani, mifuko yao haifanani, lakini miezi ya mwanzo wote hugonga ukuta uleule. Na kwa ninavyoona, wengi huwa wamejiandaa kwa ukuta mwingine kabisa.

Wamejiandaa kwa kiza, kwa maji ya kuchota na kwa matope. Wamenunua paneli za sola, simtangi la lita elfu mbili, mabuti ya mvua. Si vibaya, ila mambo hayo yana dawa, na dawa zake zimezidi kuwa rahisi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya 2005 ukaanza kazi 2007, na leo nguzo zimetapakaa vijiji vya Bara, ingawa kijiji kufikiwa na nguzo na kila kitongoji kuwaka taa ni mambo mawili. RUWASA ilipoanza mwaka 2019, maji ya vijijini yakapata wakala wake, na chini yake vyombo vya watumia maji ambavyo mwanakijiji anaweza kuvigombeza mkutanoni. Pesa zinatumwa kwa simu tangu 2008. Bodaboda zinafika hata pale ambapo landrova ilikuwa ikigeuza. Aliyehamia kijijini mwaka 1985 alikuwa kama ameachana na dunia. Anayehamia leo ataachana na feni kwa saa kadhaa umeme ukikatika, jambo ambalo hata mtu wa Mbagala analijua vizuri.

Kigumu kiko kwingine. Mjini mtu hununua karibu kila kitu kwa fedha, na akishalipa hadaiwi tena. Analipia maji, analipia taka, analipia mlinzi, na hata msibani analipia turubai na wapishi. Jirani anaweza kufiwa ukajua kwa kuona viti vya plastiki vimepangwa barabarani. Kijijini mambo hayaendi hivyo. Fedha ipo na inatafutwa, lakini huduma nyingi zinazomfanya mtu aishi kwa amani, kuanzia kuangaliwa nyumba hadi kuzikwa, haziuzwi. Hulipwa kwa kuonekana: kuhudhuria, kusalimia, kukaa, kusubiri. Na mhamiaji kutoka mjini, hata awe na fedha za kutosha, muda wake amezoea kuuhesabu kuwa ni wake.

Chukua msiba, maana ndipo mtihani wenyewe ulipo. Habari ikienea alfajiri, wanaume hutoka na majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi. Wanawake hubeba kuni, ndoo ya maji, kisado cha mchele au unga. Kuna daftari la mchango, na katika vijiji vingi kila kaya ina kiwango chake, asiyetoa huandikwa. Mhamiaji anasikia, anatoa simu, anatuma mara tano ya kiwango, kisha anaendelea na fundi wake wa vigae. Anashangaa baadaye kwamba hakuna aliyemshukuru kwa namna aliyoitarajia. Pesa imepokelewa, na imeandikwa. Lakini pale kaburini watu walipokezana sururu kwa saa nne, udongo mgumu, wakataniana, wakagawana tumbaku, wakasemezana mambo ya mpaka wa shamba na ng'ombe aliyepotea, na yeye hakuwapo. Kwa saa zile kijiji kiliendesha kikao ambacho hakina muhtasari, na yeye amekikosa.

Salamu nazo zina kodi yake. Kwenda dukani kununua chumvi ni mwendo wa dakika kumi unaokula saa nzima, kwa sababu kuna mzee barazani ambaye kwake shikamoo haipiti bila kuulizwa habari za nyumbani, za wajukuu, za mguu uliokuwa ukiuma. Anayepita ndani ya gari akipungia mkono kioo kikiwa kimefungwa amesalimia kwa hesabu zake mwenyewe. Kwa hesabu za barazani, hakupita mtu.

Ninamfahamu mstaafu mmoja aliyefanya kazi za bandarini maisha yake yote, akarudi kwao milimani Mwanga. Alijenga nyumba nzuri na kuizungushia ukuta wa tofali wenye geti la chuma, kama alivyozoea Tabata. Ukuta ule ulipita juu ya njia ya mguu iliyokuwa ikikatiza kiambo cha baba yake kuelekea kwenye mfereji wa maji. Kisheria eneo ni lake, na hakuna aliyekwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu walianza tu kuzunguka kwa juu, na ndoo kichwani. Alipohitaji vibarua wa kupalilia, kila mmoja alikuwa na udhuru. Mbuzi wake alipokatika kamba, hakuna aliyemwona. Hali ikaendelea hivyo hadi jirani, mzee aliyecheza naye utotoni, alipokuja jioni moja, akanywa kahawa mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Kaka, sisi hatuna neno na wewe. Ila mvua zikianza, mama zetu watateleza kule juu." Wiki iliyofuata fundi alitoboa ukuta upande wa nyuma akaweka mlango mdogo usio na kufuli. Njia ikarudi, vibarua wakapatikana.

Kuna jambo katika kisa kile ambalo mtu wa mjini hulikosa kwa urahisi. Hakuna aliyemchukia. Kijiji hakikumfanyia vitimbi. Kilimnyima tu vile vitu vidogo ambavyo hakuna mahali vimeandikwa kuwa ni haki yake. Hivyo ndivyo kijiji kinavyotoa adhabu, polepole, bila kesi wala barua.

Mwanaanthropolojia James Ferguson aliliona jambo linalofanana na hili mbali kidogo na sisi, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na akaliandikia kitabu kilichotoka 1999. Uchumi wa shaba ulipoporomoka, wachimbaji waliokuwa wameishi mijini maisha yote walilazimika kufikiria kurudi vijijini. Waliokuwa wakituma zawadi, wakienda likizo, wakivaa na kuongea kwa namna ambayo ndugu wa kijijini hawakuiona dharau, walikuwa na mlango wa kurudia. Waliokuwa wamejitenga, wakaishi kimji kwa kila hali, walirudi kwa hofu, na hofu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kulogwa. Tunaweza kucheka neno hilo la mwisho, lakini mstaafu gani wa kwetu hajawahi kuonywa asijenge nyumba kubwa kuliko ya kaka yake? Hofu ya uchawi mara nyingi ni hesabu ya deni. Mtu anajua kabisa ni kwa nani hakupeleka hata kilo ya sukari kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo kuzoea kijiji huanza zamani sana, mtu akiwa bado mjini. Wachaga wamelifanya hilo kuwa desturi inayoonekana barabarani kila Desemba. Magari yanayopanda Moshi na Rombo yanapeleka watu kula nyama na kunywa mbege, ndiyo, lakini pia yanapeleka watu kuonekana kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, kusuluhisha mpaka wa masale uliosogezwa, kumjulia hali shangazi, kuhakiki makaburi. Wanaotania msafara ule hawajui kwamba ni malipo ya kila mwaka kwa ajili ya siku ya kurudi kabisa. Kasoro yake ni kwamba unamfundisha mtu kijiji cha sikukuu, na kijiji cha sikukuu ni kimoja tu kati ya vingi.

Kwa Wakenya suala hili liliwahi kufikishwa mahakamani likasikika dunia nzima. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe huko Matasia karibu na Nairobi, ambako familia ilikuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukadai mwili uende Nyalgunga, Siaya. Baada ya miezi ya kesi ukoo ulishinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Hoja iliyotawala upande wa ukoo ilikuwa kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba popote, lakini kwao ni kumoja. Hukumu ile bado inaninyima raha, kwa sababu ilimpeleka marehemu kwenye kijiji ambako hakuwa akiishi. Lakini inaonyesha kwa uwazi mzito kwamba kijiji hakimhesabu mtu kwa anwani yake.

Serikali zetu zimewahi kujaribu kuwapeleka watu kijijini kwa nguvu, na matokeo yanafundisha. Waingereza waliwasomba Dar es Salaam wale waliowaita wahuni na kuwarudisha makwao. Mwanahistoria Andrew Burton ameieleza vizuri habari hiyo, pamoja na jinsi waliorudishwa walivyokuwa wakijitokeza tena mjini. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na wasio na kitambulisho cha kazi wakapakiwa kwenye malori kuelekea mashambani. Wengi walirudi. Huwezi kumpeleka mtu mahali ambapo hakuna anayemdai wala anayemtegemea ukatarajia akae. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipong'atuka urais mwaka 1985 alikwenda Butiama, akalima, akaishi na watu wake, lakini aliendelea pia kuwa na nyumba ya Msasani. Hata mtetezi mkuu wa kijiji hakuukata mguu wa mjini.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliacha jambo ambalo wanaorudi leo hulikuta bila kulitarajia. Ilihamisha zaidi watu wa mashambani wenyewe, kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Kwa hiyo mtu anaporudi "kwa babu" huenda anarudi kwenye kiwanja kilichogawiwa mwaka 1974, na kaburi la babu liko kwenye mahame, kilomita kadhaa porini, ambako sasa kuna shamba la mtu mwingine anayelima kwa amani tangu siku hizo. Kudai mahame ni kufungua jalada ambalo kijiji kizima kingependa libaki limefungwa.

Ardhi ndiyo mahali ambapo mhamiaji asiye na asili ya kijiji huumia zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema wazi: Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Mnunuzi wa mjini, aliyezoea wakala na wakili, hukutana na mwenyekiti chini ya mwembe, hulipa, hugongewa mhuri, na huondoka akiamini amemaliza. Mkutano Mkuu haukuwahi kuliona jina lake. Miaka mitatu baadaye mwenyekiti amebadilika, mjukuu wa mwenye shamba amekua, na karatasi ile yenye mhuri haina mtu wa kuisimamia. Ukanda wa Pwani una mtego wake mwingine: kwa desturi, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu ananunua eka tano Mkuranga, siku ya pili anamkuta bibi anaangua korosho zake bila wasiwasi, kwa sababu mikorosho ni yake na haikuuzwa. Bibi huyo si mwizi. Aliyeuza ndiye hakusema, na aliyenunua hakuuliza.

Ambaye Mkutano Mkuu umemjadili waziwazi, umemhoji, pengine umemcheka na mipango yake ya mabwawa ya samaki, ana kinga ambayo hati peke yake haitoi. Watu mia mbili wamemsikia akisema jina lake na la mkewe. Mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, litakuwa linamsuluhisha mtu anayefahamika.

Sasa niseme kidogo juu ya kilimo cha kalkuleta, maana kimewapeleka wengi shamba na kuwarudisha wengi mjini. Hesabu yake huanza hivi: tikiti maji hupandwa mita mbili kwa moja, eka ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo miche ni kama 2,000. Kila mche uzae matunda mawili, kila tunda liuzwe shilingi 1,500, na mkulima ana milioni sita ndani ya siku tisini. Hakuna kosa hata moja la hesabu hapo. Kinachokosekana ni nzi wa matunda, pampu iliyoharibika wiki ya maua, kibarua aliyeitwa msibani (na aliyekwenda, kwa sababu yeye anajua anachodaiwa), na dalali anayejua kwamba matikiti ya wilaya nzima yameiva wiki moja. Kwenye mazao ya gunia kuna lumbesa, ile kofia inayoongezwa juu ya gunia kinyume cha sheria ya vipimo na ambayo mkulima mpya huikubali kwa kuwa lori liko tayari na jua linawaka. Kenya wana jina la wanaosimamia shamba wakiwa Nairobi: wakulima wa simu. Wa kwetu anayehamia kabisa ana nafuu kuliko huyo, lakini nafuu hiyo haianzi msimu wa kwanza. Msimu wa kwanza anapaswa kulima kile ambacho jirani analima, kwa kipimo kidogo, amuulize jirani, na amruhusu jirani amfundishe. Kufundishwa ni njia ya heshima ya kuanza kufahamiana, na ni rahisi kuliko mtaalamu yeyote.

Mwalimu au muuguzi anayepangiwa kazi kijijini yuko kwenye hali ya peke yake. Hakuchagua, hakununua, hana babu hapo. Anafikia kwenye nyumba ya shule yenye vyumba viwili na popo darini, na mshahara wake unajulikana na kijiji kizima kwa makadirio ya karibu sana. Anapewa heshima siku ya kwanza, bila kuifanyia kazi, na hilo linaweza kumlevya. Wazazi huleta ndizi na kuku. Watoto humbebea maji, ingawa hilo la watoto siku hizi lina maswali yake. Lakini akianza mapema kusema ameomba uhamisho wa kumfuata mwenza, kila mtu anajua kuwa ni mpita njia, na kijiji hakiwekezi kwa mpita njia. Niliowaona wakitulia ni wale waliopata kitu kisicho cha kazi: shamba la robo eka la alizeti, timu ya mpira, kwaya, au mama mmoja mtu mzima aliyewachukua kama wanawe. Kwa vijana wa kike mahitaji hayo ni makubwa zaidi, kwa sababu mwalimu wa kike anayeishi peke yake huwekewa macho ambayo mwenzake wa kiume hawekewi.

Hapo tumeingia kwenye jambo ambalo wanaume wanaosifia kurudi kijijini hulipitia haraka. Kijiji kinachorudiwa, mara nyingi, ni cha mume. Mama wa Kinyakyusa aliyeolewa na Mpare, wakaishi Tabata miaka thelathini, anapohamia Mwanga harudi popote. Mume anarudi kwa rika lake, kwa lugha yake, kwa miti aliyoipanda. Yeye anafika ukweni, mahali ambapo kila mtu anaongea Kipare akiwa hayupo na Kiswahili akiingia, na mawifi ndio wanaojua sufuria ya msiba iko kwa nani. Alichokiacha Tabata hakikuwa starehe: kilikuwa kikoba chake, jumuiya yake ya dini, duka dogo la vitambaa, majirani waliomjua kwa jina lake na si kwa jina la ukoo wa mume. Sheria iko upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wake katika mali ya ndoa. Lakini sheria huanza kufanya kazi baada ya ugomvi, na mjane katikati ya kiambo cha ukoo wa mume hana haja ya ugomvi. Ana haja ya kubaki ndani ya nyumba aliyoijenga.

Baadhi ya wanawake hao wamelitatua jambo kimyakimya. Baba yuko Same na mbuzi wake, mama yuko Tabata akilea wajukuu, wanapigiana simu kila jioni na kutembeleana. Watu husema ndoa imekufa. Mimi naona ni mpango wa busara, kuliko kumng'oa mtu wa miaka 58 kutoka kwenye maisha aliyoyajenga mwenyewe ili mwenzake akapate upepo wa utotoni. Kama mume anataka mke awe naye huko, kiwanja kiandikwe majina mawili kabla ya msingi kuchimbwa, na kaka zake walijue hilo mapema, waziwazi.

Upande wa fedha, wastaafu wa miaka hii wana hesabu tofauti na za baba zao. Mjadala wa kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao yao, umewafikia wote. Kuanzia Julai 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa asilimia 33, na baada ya malalamiko marefu bajeti ya 2024/25 ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 hapo zamani. Pensheni ya mwezi inafika, lakini fungu la kujengea na kuanzisha mradi limepungua. Kwa namna fulani hii imewaokoa baadhi, maana mstaafu anayefika kijijini na fungu nono hupigwa mizinga kuanzia kituo cha basi, na ndugu hawaombi kwa uchoyo: kwa miaka thelathini walikuwa wanatunza makaburi na kumtunza mama yake.

Kinachowarudisha wastaafu mjini hatimaye si njaa wala upweke. Ni hospitali. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi yalipatikana. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza vidonge karibu. Kwa homa na jeraha inatosha. Lakini mtu wa miaka 68 mwenye presha na sukari anahitaji dawa ileile kila mwezi bila kukosa, kipimo cha figo, daktari wa macho, na usiku mmoja katika mwaka atahitaji gari ndani ya saa moja. Basi la kijiji huondoka saa 11 alfajiri. Ukilikosa, ni kesho. Mtu aliyehamia akiwa na nguvu zake za miaka 60 hakulipigia hesabu hilo, na watoto wake wanakuja kumchukua akiwa amelala kiti cha nyuma.

Pengine ndiyo maana wengi sasa hawafiki kijijini kabisa. Wanaishia njiani, kwenye miji midogo iliyochipuka kwenye njia panda na masoko: Himo, Mombo, Kibaigwa yenye soko lake la mahindi, Makambako, Katoro. Hapo kuna kituo cha afya chenye maabara, benki au wakala mkubwa, mafundi, mashine ya kusaga, na bodaboda ya kufika kwao kwa nusu saa. Mke anaweza kufungua duka ambalo si la ukoo wa mtu. Watoto wa mwalimu wanapata shule. Msiba ukitokea nyumbani, mtu anafika na sururu mkononi, anachimba, anakaa hadi jioni, kisha anarudi kulala kwake ambako hakuna anayehesabu mifuko ya saruji aliyoshusha. Wazee hawaridhiki nalo sana, lakini sijaona mpangilio mwingine unaolipa deni la mahudhurio bila kumnyang'anya mtu daktari wake.

Kwa aliye na miaka 45 leo na ameanza kuulizia bei ya tofali, ningemwomba kitu kimoja: asikague kwao mwezi Desemba. Desemba kila binamu yupo, barabara imekauka, nyama inachomwa, na mwenyekiti anatabasamu. Aende Aprili, katikati ya masika, akae wiki tatu. Atajua ni kilima gani gari haliwezi kupanda, zahanati inaishiwa dawa gani tarehe ngapi, mwenye bodaboda yupi anapokea simu saa nane za usiku, na kati ya ndugu zake wote ni nani hasa wanaoishi pale.